Maneno Niliyomnyooshea Mama

Mama yangu hakuwahi kumtukana daktari, mwalimu wala karani hata mmoja katika mji wa Rochester, na sababu ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Yeye na baba walizaliwa viziwi. Mimi nilizaliwa nasikia, mtoto wao wa pekee, na nilipotimiza miaka sita nilikuwa tayari nasimama kati yao na watu wenye masikio. Viziwi wa mji wetu hawazungushi maneno. Ukinenepa, utaambiwa umenenepa kabla hujavua koti. Mama alikuwa bingwa wa hilo. Siku mwalimu wangu wa darasa la pili, Bi Ostrander, alipomweleza kwamba sijitumi kwenye hesabu, mama alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kisha akaniambia kwa mikono: "Muulize kama anaumwa. Amekonda kama waya wa uzio. Halafu mwambie ananichosha."

Nikamgeukia mwalimu. "Mama anashukuru sana. Atanisaidia nyumbani."

Mama hakuwa mjinga. Aliona midomo yangu ilivyofunga mapema. Tulipofika garini akaniambia, "Umenipika tena."

"Nimekutia chumvi kidogo tu."

Alicheka mpaka akaugonga usukani. Neno hilo likabaki letu. Nilimpika mama benki, nikampika kanisani, nikampika mbele ya fundi wa bomba na mbele ya kasisi aliyemzika baba. Akisahau tarehe, niliiweka. Akianza hadithi katikati, niliitafutia mwanzo. Nilikuwa nimeona kaunta nyingi mno ambako mtu hutamka neno lake kwa sauti ya juu, kana kwamba uziwi ni umbali, na mama asipojibu upesi mtu huyo huhamisha macho kuja kwangu na kuanza kuzungumza juu ya kichwa chake, kama vile hayupo. Niliapa kwamba hakuna atakayemwona Bernice Kubiak kuwa punguani mradi mimi nipo.

Jina langu kwenye vyeti ni Corinne. Jina langu hasa mama alinipa nikiwa na miezi minne: mkono ukiwa umekunjwa nusu duara, unagusa shavu mara mbili, hapa penye kishimo ninapocheka. Kwetu jina la alama hupewi mara mbili.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Februari. Mama alikuwa na miaka sitini na saba na aliishi peke yake katika nyumba ileile, na mimi nilikuwa kazini, kwenye karakana ya kusaga lenzi, dakika ishirini kutoka kwake. Kila asubuhi saa mbili mama na Gladys Tuttle, rafiki yake tangu shule ya bweni ya viziwi, walikunywa kahawa pamoja kupitia simu ya video, wakiwasengenya wote waliokosa mchezo wa karata wa Jumamosi. Saa tatu kasoro dakika ishirini nilipata ujumbe wa Gladys. "Nenda kwa mama yako. Nusu saa ya kwanza alikuwa sawa. Sasa mikono yake imelewa."

Nilimkuta jikoni, amevaa vizuri, amechana nywele, mkate umeiva kwenye kibaniko. Hakupooza, hakuanguka, mdomo haukwenda upande. Aliponiona alianza kuzungumza, na mikono ilikwenda haraka na kwa madaha kama siku zote. Ila haikusema kitu. Kijiko. Panda. Theluji, theluji yake mbili. Ishara moja nzuri sana ya vidole vitatu ambayo sijapata kuiona kwa mtu yeyote duniani.

"Mama, umekula?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akalivuta begani koti langu nililokuwa bado nimelivaa, kana kwamba ananipa.

Tulifika hospitali saa tatu na nusu. Muuguzi wa mapokezi, mwanamke mnene mwenye viatu vya kijani, aliona mikono yetu akasema, "Ngoja nimwite mkalimani, mpenzi. Yule wa zamu yuko jengo la pili, labda dakika arobaini. Au nikuletee wa kwenye skrini?"

"Hakuna haja," nikasema. "Mimi ni binti yake. Kazi hii naifanya tangu nina miaka sita."

Nilisema hivyo kwa majivuno. Nataka lieleweke.

Daktari aliyekuja alikuwa kijana, Halloran, theluji haijamkauka kwenye nywele. Alikuwa mpole. Hakuzungumza juu ya kichwa cha mama. Alijiweka mbele yake ili auone uso wake. Aliinua mikono yake mwenyewe, na mama akainua yake. Alitabasamu kwa kuonyesha meno yote, na mama akamwonyesha yake. Alipitisha kidole huku na huku, na macho ya mama yakakifuata. Miguu, vidole, pua. Kila alichofanya mama alikiiga vizuri, na mimi moyo ukaanza kutua.

"Sawa," akasema. "Sasa muulize, huu ni mwezi gani?"

Nikamuuliza. Mama alinitazama kwa uso wake uleule wa kujiamini, kisha akajibu kwa kirefu. Kijiko juu mlango. Theluji yeye mbili, mbili, osha.

"Februari," nikasema. "Analalamika kuhusu theluji."

Daktari akacheka. "Nani hailalamikii? Ana miaka mingapi?"

Kengele kijani. Kaa, kaa. Ile ishara ya vidole vitatu.

"Sitini na saba."

Alimwonyesha kadi yenye picha: ufunguo, glavu, kiti. Kwa kila picha mama alitoa kitu kimoja kwa mikono, bila kusita, na hakuna hata kimoja kilichokuwa ufunguo wala glavu wala kiti. Nilivitaja mimi. Sikuona kwamba ninadanganya. Nilikuwa nafanya nilichokifanya maisha yangu yote. Niliona mama ana hofu, niliona amekosa usingizi, niliona sukari imeshuka, na niliona kijana mwenye kalamu aliye tayari kuandika kwamba mama yangu amechanganyikiwa. Februari anaijua, nikajiambia. Nani asiyejua ni Februari?

Daktari aliweka kadi chini. "Naomba nikuulize wewe sasa. Maneno yake yako kama kawaida yake?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye. Ni macho yaleyale aliyomtazama nayo Bi Ostrander.

"Amechoka kidogo," nikasema. "Lakini ndiyo. Yuko sawa."

Baadaye alirudi na picha ya kichwa. Hakukuwa na damu iliyovuja ndani. Alieleza, akiwa ameegemea ukuta, kwamba kama mama angekuwa amepoteza maneno wangefikiria kumpa dawa kali ya kuyeyusha donge la damu, dawa ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza. "Lakini dawa hiyo yenyewe inaweza kumtoa mtu damu kichwani. Hatumpi asiyeihitaji. Nashukuru mama yako haihitaji. Tutamlaza tumwangalie."

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Nilisikia kila neno. Nilifungua mdomo, nikamtazama mama, naye alikuwa amesinzia, mikono imelala tumboni kama ya mtu aliyemaliza kazi. Nikafikiri, akiamka atakuwa sawa. Nikafunga mdomo.

Aliamka saa sita mchana imeshapita na hakuwa sawa, na nilimpa maji, nikamwambia ajaribu kupumzika.

Mkalimani wa zamu alipita saa nane kasoro dakika ishirini. Hakuna aliyemwita, aliona jina kwenye orodha ya wagonjwa viziwi. Aliitwa Thaddeus Brill, mtu mzima mwenye fulana nyeusi, maana wakalimani huvaa nyeusi ili mikono ionekane. Alimsalimu mama kwa mikono. Mama akamjibu kwa furaha, kirefu. Brill alirudi hatua moja nyuma. Akauliza tena, taratibu zaidi. Mama akajibu tena. Brill hakunigeukia mimi, alimgeukia muuguzi.

"Siwezi kutafsiri hii. Haya si maneno. Anatoa ishara ambazo hazipo."

"Lakini asubuhi yote binti yake alikuwa anamwelewa," akasema muuguzi.

Ndipo Brill akanitazama. Nilijua kwa jinsi alivyosimama, ubavu ukielekea huku na uso kule, kwamba naye alilelewa na viziwi, kwamba naye alisimama kwenye kaunta akiwa na miaka sita. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Zile saa nne na nusu zilikuwa zimekwisha saa saba.

Kesho yake asubuhi Halloran aliniita kwenye chumba kidogo chenye sanduku la karatasi za kufutia machozi, na mezani aliweka ubongo wa plastiki. Ulifunguka vipandevipande kama chungwa. Nadhani alihitaji kushika kitu.

"Hapa mbele," akasema, akigusa kipande kilicho nyuma ya paji la uso, "ndipo mtu anapopanga mambo, anapojizuia asiseme kila linalomjia."

"Mama hajawahi kukitumia hicho."

Alitabasamu kidogo. Akanionyesha ukanda unaopita juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio, ule unaouamuru mkono kwenda, na nyuma yake ukanda mwingine unaopokea habari za ngozi, joto na maumivu. Kisogoni, kuona. Chini kisogoni, kitu kama koliflawa ndogo, kazi yake mizani, mtu asiyumbe akitembea. Katikati, shina linalofanya mapafu na moyo viendelee bila kuombwa. Ndani kabisa, kwa kila upande, kipande kilichojikunja kama mkia wa farasi wa baharini, penye kumbukumbu mpya. "Vyote hivi ni vizima," akasema. "Ndiyo maana anatembea, anaona, anakujua wewe."

Kisha akachukua kipande cha kushoto, cha pembeni, akaweka kidole juu ya sikio na nyuma yake kidogo. "Hapa ndipo donge lilipoziba. Hapa ndipo maneno yanapopata maana. Mtu akiumia hapa huzungumza kama maji, haraka, na hakuna kinachoeleweka, na yeye mwenyewe haelewi anachoambiwa. Mara nyingi hajui hata kama amekosea."

"Juu ya sikio," nikasema. "Mama hajasikia sauti tangu azaliwe. Sehemu hiyo anaifanyia nini?"

"Ubongo hauulizi maneno yameingilia mlango gani. Ya mikononi na ya mdomoni yanakaa nyumba moja, kwa karibu watu wote, upande wa kushoto. Mikono yake ni mizima kabisa. Kilichokufa ni lugha."

Alikifunga kile kipande mahali pake, na hakikukaa vizuri, ikambidi akibonyeze.

"Nilikudanganya," nikasema. "Jana. Hakusema Februari. Hakusema hata neno moja. Mimi ndiye niliyekujibu."

Nje ya mlango mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu.

"Kwa nini?"

"Ili usimwone mjinga."

Aliuangalia ule ubongo. "Nilipaswa kumngoja mkalimani," akasema. "Nilijua hivyo, na wewe ulikuwa mzuri sana, nikaona tuokoe muda."

"Dawa ingemsaidia?"

"Wengine inawasaidia. Wengine hapana. Siwezi kukuambia ndiyo, Corinne, na siwezi kukuambia hapana."

Nilitamani aniambie ndiyo. Lingekuwa jambo la kushika.

Gladys alikuja Ijumaa, na sanduku la samaki wa kukaanga wa klabu ya viziwi, mafuta yamelowesha chini. Alikanyaga sakafu mara mbili mlangoni ili mama ahisi mtikisiko, kama walivyofanya bwenini, na mama akageuka. Kabla ya kumsalimu yeyote Gladys aliniambia, "Umekonda vibaya. Na nywele hizo zinahitaji maji."

"Asante, Gladys."

"Karibu."

Alivuta kiti, akakaa magoti yakigusana na ya mama, akaanza. Alimwambia nani ameshinda Jumamosi na nani ameiba tena kwenye karata. Mama alimtazama usoni kwa mapenzi yote, akajibu kwa mikono miwili, na niliuona uso wa Gladys ukishuka taratibu kama pazia lililokatika kamba. Wanawake hawa walikuwa wamezungumza kila siku kwa miaka sitini.

Gladys hakukata tamaa upesi. Aliigiza kuchanganya karata hewani. Mama akacheka, naye akaigiza kuchanganya, akagawa, akaificha karata ya uongo kwenye mkono wa sweta. Aliigiza kupaka siagi, kupiga mswaki, kumfunga mtu skafu. Yale yote aliyaweza. Halloran alikwisha kuniambia kwamba kuigiza kunakaa kwingine. Lakini Gladys alipotoa ishara ya "karata" yenyewe, ishara ambayo mtoto wa miaka miwili anaijua, mama aliitazama kama kitu kilichoangushwa na mgeni.

Nilimgusa Gladys bega, nikamwambia kila kitu. Benki, mwalimu, Februari, ufunguo na glavu.

"Ulimpika," akasema.

"Ndiyo."

"Hata siku hiyo."

"Hata siku hiyo."

Mikono yake ilikaa mapajani muda mrefu. Kwa watu wetu huko ndiko kunyamaza. "Sisi sote tulijua unampika," akasema mwishowe. "Mama yako alikuwa anatusimulia tunavunjika mbavu. Mtoto wangu ana adabu kuliko mimi, alikuwa anasema. Hakuna hata mmoja wetu aliyekukataza." Alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Lakini mimi si wa kuambiwa. Mwambie yeye."

"Haelewi, Gladys. Mahali pa kuelewa ndipo palipokufa."

"Mwambie hivyohivyo."

Nikakaa kwenye kile kiti. Kioo kikubwa cha dirisha kilikuwa na mwanga mzuri wa theluji, mwanga ambao mama angeusifu kwa mazungumzo. Nikamwambia. Niliomba radhi kwa lugha aliyonifundisha kabla sijajua kutembea. Nilimwambia kwamba asubuhi ile alisema kweli yake, kwamba alikuwa anazama mbele ya macho yangu na akapiga kelele kwa mikono yote miwili, na mimi nikamwambia mtu aliyekuja na kamba kwamba mama anaogelea vizuri, asante.

Alitazama mikono yangu. Alitazama kama watu wenye masikio wanavyoitazama mikono yetu ndani ya basi, kwa kupendezwa, kichwa kimeinama kidogo, bila kuelewa hata kitu kimoja. Maisha yangu yote nimewachukia watu kwa kututazama hivyo.

Nilipomaliza, aliona ni zamu yake. Akazungumza kwa kirefu na kwa upole, huku akinitazama machoni, uso wake ukipanda na kushuka pale pale ambapo uso hupanda na kushuka mtu anapokupa neno la maana. Ukingoni mwa macho niliona Halloran amefika mlangoni, na Brill nyuma yake. Gladys alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Amesema nini?" Halloran akauliza, na kalamu mkononi.

Brill alipiga hatua, kisha akaniangalia akasimama. Aliniachia mimi.

Nilikuwa nayo tayari. Ilikuwa imekwisha kupikwa, imetulia kwenye ulimi, ina moto wa kutosha: Anasema ameshanisamehe. Hakuna mtu chumbani ambaye angenipinga, hata Brill, ambaye angejua, wala Gladys, ambaye hasikii.

"Kijiko," nikasema. "Juu. Theluji mbili. Osha, osha. Kengele." Sauti yangu ilikuwa mbaya. "Kisha ishara ya vidole vitatu ambayo haina maana. Kisha kaa. Kisha theluji tena."

Halloran aliandika. "Na ile ya mwisho? Aliirudia mara mbili."

"Umbo la mkono ni la jina langu," nikasema. "Nusu duara. Lakini ameligusisha kwenye kiwiko, si shavuni. Kwenye kiwiko si jina la mtu yeyote."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Mama akainua mikono tena, nami nikaisubiri, ili niseme kitakachokuja kama kitakavyokuja.